Mstari wa Katikati

Kabla ya kengele ya tatu niligawa ubao:
mstari mmoja wa chaki, juu hadi chini,
na vichwa viwili, WANAOUNGA, WANAOPINGA.
Mada: Miwa imeleta neema Busoga.
Nikajipongeza. Mkaguzi angeingia saa ile
angeandika failini mwake: mwalimu wa haki.

Hoja za kuunga zilikuja zenyewe,
mabati, pikipiki, karo ya chuo,
nyumba ya matofali ya marehemu baba kule Bukanga,
na mimi mwenyewe, niliyesomeshwa tani kwa tani.
Hiyo ya mwisho sikuiandika.

Hoja za kupinga niliziita nikiwa nimewapa mgongo,
mkono mmoja ukipangusa chaki surualini:
"Haya, upesi, nani ana nyingine?"
Njaa, akasema Tenywa.
Nikaandika njaa kwa herufi ndogo
nikaitia alama ya kuuliza.

Kagoya, dawati la nyuma,
karibu na dirisha lisilo na kioo,
hakunyoosha kidole. Aliandika.
Kurasa mbili, mwandiko umelala kama mvua ya upepo:
kwao miwa imefika kizingitini,
ukifungua mlango majani yanakukwaruza shavu;
baba alibonyeza dole gumba kwenye mkataba
aliosomewa nusu;
mama amebakiwa na matuta sita ya viazi, nyuma ya choo;
na Mukose, miaka kumi na miwili, anapakia trela,
jina lake bado linaitwa kila asubuhi darasa la sita
na kimya ndicho kinachoitika.

Nilisahihisha usiku, taa ya sola ikikonyeza.
"Hisia nyingi, hoja chache." Tisa kwa ishirini.
Kwenye sentensi ya mwisho nikaweka tiki,
nikamwongeza alama moja ya methali,
nikaandika pembeni: imetumika mahali pake.
*Mwamba ngoma*, alikuwa ameandika, *ngozi huivutia kwake.*
Nikafungua daftari lililofuata.

Nilikuwa nimefika la thelathini na moja
kalamu iliposita hewani.

Asubuhi ubao ulikuwa haujafutwa.
Niliingia kwa mlango wa nyuma, jambo nisilolizoea,
nikauona kama wanavyouona wao.
Nikachukua rula ya mbao, nikapima:
mita moja na robo upande wa neema,
sentimita hamsini na tano upande wa njaa,
na mlango wa mbele ukifunguliwa
huifunika njaa yote.

"Mbona hamkuniambia?"
Macho thelathini na manane yakatazama madawati.
Tenywa ndiye aliyejibu, bila ubaya wowote:
"Tulidhani ndivyo unavyotaka, mwalimu."

Nikampa Kagoya chaki.
Nikaenda kukaa dawati lake, magoti yakigonga mbao,
nikasema leo mimi napinga.
Nilipata hoja ya kwanza. Ya pili ikaja ikichechemea.
Ya tatu niliiiba kwenye insha yake
na darasa likajua, likacheka,
mtu akanong'ona kwa sauti ya kusikika: "Tisa kwa ishirini."

Sijahama. Nina ekari nne, Novemba nitakata,
na ukiniuliza njiani nitakwambia neema.
Lakini sasa, kabla ya kusema,
huwaambia ekari zangu ni ngapi.
Ile tisa nimeipiga mstari, nimeandika kumi na sita juu yake;
wino mwekundu haufutiki,
ukiinamisha daftari kwenye mwanga bado unaisoma.

Siku ile trela ilipita, imelemewa,
mabati yakatetemeka kichwani mwetu,
hakuna aliyesikia neno.
Tukangoja. Vumbi likaingia dirishani, likatua kwenye kola zetu.
Kagoya alikuwa bado amesimama,
chaki imegusa ubao, hajaanza kuchora mstari.
"Naweza kuendelea?" akauliza.
Akauliza darasa.